Bila Esther Rolle, yule baba asingekuwepo

Taarifa za kifo cha mwigizaji wa Marekani John Amos zilipotoka mwaka 2024, makundi yote ya WhatsApp niliyomo yalijaa picha zake. Watu wa rika langu walimlilia baba yake Lisa wa filamu ya Coming to America, wakamlilia Kunta Kinte wa tamthilia ya Roots. Alistahili. Halafu wakaanza kusimuliana jinsi alivyofukuzwa mwaka 1976 kwenye Good Times, kipindi cha televisheni alimoigiza baba wa familia, kwa kupinga watu weusi kufanywa vikaragosi, na hapo ndipo nilipokasirika. Katika masimulizi yote hayo Esther Rolle ametajwa kama "aliyeigiza mkewe". Basi, yameishia hapo.

Jamani, huyo mke ndiye aliyedai kuwe na mume!

Mwaka 1972 Rolle aliingia kwenye kipindi cha vichekesho cha Maude akiigiza mhusika aitwaye Florida, mfanyakazi wa ndani wa mama mwenye uwezo aliyeigizwa na Bea Arthur. Watazamaji walimpenda mno, mtayarishaji Norman Lear na kituo cha televisheni cha CBS wakaamua kumpa kipindi chake mwenyewe, ndicho Good Times. Wazo lililoletwa mezani lilikuwa mama mweusi, maskini, anayelea watoto watatu peke yake. Rolle akagoma. Alitaka watoto wale wawe na baba anayekaa nao nyumbani, la sivyo kazi hiyo haifanyi.

Tazameni ni nani aliyekuwa akigoma. Alikuwa mtoto wa 10 kati ya 18, wazazi wake wahamiaji kutoka Bahama, kwao Pompano Beach, jimbo la Florida. Alicheza ngoma katika kikundi cha Asadata Dafora, akahangaika na majukwaa ya New York miaka mingi, akawa miongoni mwa waanzilishi wa kikundi cha maigizo cha watu weusi, Negro Ensemble Company. Alikuwa ameshavuka miaka 50, na ndiyo kwanza televisheni inataka kumpa nafasi ya mbele. Mwanamke mweusi wa umri ule alikuwa na milango mingapi mingine ya kubisha Hollywood? Alijua wazi kwamba anaweza kumwaga unga kabla hata kazi haijaanza, na bado akashikilia neno lake. Mimi nikifika hapo huwa nasimama kwanza. Ushujaa wa Amos tunaousifu ulihitaji mahali pa kufanyikia, na mahali hapo alipapigania mama huyu.

Wakakubali. Wakamchukua Amos, aliyekuwa ameshaigiza mumewe kwenye Maude, zimamoto aitwaye Henry. Wakambadilisha jina akawa James, familia wakaihamishia kwenye maghorofa ya watu wa kipato cha chini huko Chicago. Kipindi kikaanza Februari 1974. (Amos alikuwa mdogo kwa Rolle kwa miaka 19. Ukiwatazama wakibishana kuhusu kodi ya nyumba hutawaza hilo hata kidogo.)

Tatizo likaja na J.J., mtoto mkubwa, aliyeigizwa na Jimmie Walker. Kila akipiga kelele lile neno lake, "Dy-no-mite!", ukumbi unavunjika mbavu, na kila ukumbi unapocheka waandishi wanamwongezea upumbavu. Mwaka 1975 Rolle alisema hadharani katika jarida la Ebony kwamba kijana huyo ana miaka 18, hana kazi, hajui kusoma wala kuandika, na hafikiri. Aliyasema hayo akiwa bado analipwa na kipindi hichohicho. Amos naye alilalamika, akaondolewa. Waandishi wakamuua James kwa ajali ya gari Mississippi. Mwaka 1977 Rolle mwenyewe akaondoka.

Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba Walker alikuwa mchekeshaji na kuchekesha ndiyo kazi aliyoajiriwa, tena watoto wengi walimpenda. Nakubali pia kwamba Rolle alirudi mwaka 1978, na wapo wanaomsimanga kwa hilo. Lakini alirudi na masharti. Alitaka J.J. apewe akili ya mtu mzima, na yule mume mpya, Carl, aliyepachikwa haraka baada ya kifo cha James, asionekane tena. Kwake ilikuwa dharau kwa mjane kuozwa upesi namna ile. Carl hakuonekana tena.

Mwigizaji wa kiume akikataa skripti tunasema ana msimamo. Wa kike akikataa, hata hapa Dar, ataitwa mjeuri, na mwaka unaofuata hapigiwi simu. Linaniuma, kwa sababu ninawafahamu waliobeba jina hilo.

Na asije mtu akaniambia Rolle aliona aibu kuigiza watumishi. Mwaka 1979, mwaka uleule Good Times ilipofikia mwisho, alishinda tuzo ya televisheni ya Emmy kwa filamu ya Summer of My German Soldier, na humo aliigiza mtumishi wa ndani. Ugomvi wake ulikuwa na waandishi wanaodhani mtumishi hana kwao, hana mume, hana maoni. Mwaka 1990 NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, kilimpa tuzo ya mwenyekiti ya uongozi katika haki za kiraia, mwanamke wa kwanza kuipata. Wapigania haki walielewa vizuri kwamba kazi aliyoifanya mama huyu, akibishana na watayarishaji juu ya kila mstari wa skripti, ilikuwa ya kundi lao. Sisi tunaojiita wapenzi wa filamu tumechelewa sana kulielewa.