Bitcoin na kompyuta za kwanta: sarafu zisizo na wa kuzihamisha

Kompyuta za kwanta, zinazokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo mno, huenda siku moja zikavunja saini za kidijitali zinazolinda sarafu ya mtandaoni ya Bitcoin, na watu wanabishana kama kazi ya kubadili saini hizo ianze sasa. Wanaosema tusiwe na haraka wana hoja. Chipu ya Willow, iliyotangazwa na Google Desemba 2024, ina kubiti 105 (vijenzi vya msingi vya kukokotolea vya kompyuta ya kwanta), na kuvunja saini ya Bitcoin kutahitaji nyingi mno kuliko hizo. Uchimbaji, yaani kazi ya kompyuta ya kuthibitisha miamala na kutoa sarafu mpya, nao hautikisiki kirahisi. Tena kinga mpya nazo huanguka: mwaka 2022 mfumo wa SIKE, uliobuniwa kuhimili mashine hizi, ulivunjwa na kompyuta ya kawaida kwa takriban saa moja.

Lakini wanaotaka kazi ianze sasa wanabandikwa jina la watia hofu bila haki. Hawadai kwamba mashine iko mlangoni. Wanachohesabu ni muda wa kukubaliana. Taproot, badiliko la awali la Bitcoin lililoleta aina mpya ya saini, ilipendekezwa mwanzoni mwa 2018, ikaanza kutumika Novemba 2021, na haikumlazimu mtu yeyote kuhamisha chochote. Safari hii kila mwenye sarafu atapaswa kuzihamisha mwenyewe, kwa ufunguo wake wa siri, yaani namba anayotilia saini.

Hapo ndipo penye kidonda. Katika malipo mengi ya miaka ya mwanzo, ufunguo wa umma, yaani namba ya kuhakikishia saini hiyo, uliandikwa waziwazi kwenye daftari la miamala, na hesabu ya kompyuta za kwanta aliyoivumbua mwanahisabati Peter Shor mwaka 1994 huanzia kwenye ufunguo huo huo kuupata ule wa siri. Sarafu zilizolala hivyo ni kama milioni 1.7, katika jumla isiyoweza kuzidi milioni 21. Nyingi zinaaminika kuwa za Satoshi Nakamoto, muasisi wa Bitcoin asiyejulikana ni nani. Nyingine wenyewe wamefariki, au wamepoteza funguo. Nani atazihamisha? Zikigandishwa, inavunjwa ahadi kwamba hakuna agusaye sarafu yako bila saini yako. Zikiachwa, atazichukua wa kwanza kupata mashine, naye anaweza kuzimwaga zote sokoni. Sioni jibu lisiloumiza, na ndiyo maana naona mjadala huu ufanyike sasa, watu wakiwa wametulia, kabla mwizi hajaanza kuchota.

Hata walio hai watasubiri foleni. Saini ya ML-DSA, mojawapo ya viwango vya kuhimili mashine hizi ambavyo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliidhinisha Agosti 2024, ina baiti 2,420 kwa uchache; ya Taproot ni 64. Bloku moja, yaani fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari, hupatikana kila baada ya dakika kumi hivi, na nafasi yake ina kikomo. Kuwahamisha watu wote kutachukua miezi mingi, hata wakikubaliana leo.