Wao huleta watoto wao jukwaani, sisi hugeuzwa watoto

Agosti 2024 kundi letu la WhatsApp la watu wa Tanga, tulio nje na waliobaki nyumbani, lilijaa kipande kimoja tu cha video. Ni Gus, mtoto wa Tim Walz aliyekuwa mgombea mwenza wa Kamala Harris, kijana wa miaka 17 wakati huo. Amesimama katikati ya ukumbi wa mkutano mkuu wa Democratic Chicago, machozi yanamtoka, anamnyooshea kidole mzee wake aliye jukwaani na kusema: "Huyo ni baba yangu!" Chini ya video ni vicheko. Mtoto wa kiume analia mbele za watu, Wazungu hawana haya. Ndugu mmoja akamalizia kwamba kwetu mtoto wa kiongozi hawezi kufanya hivyo, walinzi wangemtoa nje mapema.

Hilo la mwisho ndilo lililoniudhi, kwa sababu ni kweli, na yeye aliliandika kwa kujivuna.

Naishi Minnesota, Walz ndiye gavana wetu, kwa hiyo mkutano wa Democratic niliufuatilia usiku kwa usiku. Ule wa Republican wa Milwaukee mwezi Julai niliutazama pia. Najua kuna watakaosema huyu ameshakuwa Mmarekani, anakuja kutufundisha. Hapana. Siwaambii kwamba huku wajumbe ndio wanaoamua. Kamala Harris alikwisha kupitishwa kwa kura za mtandaoni kabla wajumbe hawajafika Chicago, na mara ya mwisho chama kikubwa huku kilipohitaji duru zaidi ya moja ya kura kumpata mgombea wake wa urais ilikuwa 1952. Makofi ni makofi, yapigwe Dodoma au Chicago. Ninachotaka tukiangalie ni kile kinachosemwa pale jukwaani, na anayekisema anajiweka wapi mbele ya mpiga kura.

Katika mikutano yote miwili wagombea walieleza nyumba walizotoka. JD Vance, mgombea mwenza wa Republican, alisema amelelewa na bibi yake kwa sababu mama yake alitekwa na dawa za kulevya, kisha akamwonyesha mama huyo huyo, ameketi ukumbini, karibu miaka kumi hajagusa. Siungi mkono siasa zake, ila nilinyamaza kumsikiliza. Ni wangapi kati yetu tumelelewa na bibi? Ni kiongozi gani wa kwetu amewahi kusimama mbele ya chama chake akasema mama yangu alizama kwenye ulevi, bibi ndiye aliyenilea? Walz naye alisema wazi kwamba yeye na mkewe walihangaika miaka na matibabu kabla ya kumpata binti yao, wakamwita Hope. Mwanamume, mgombea, anatamka hadharani kwamba walichelewa kupata mtoto! Kwetu jambo hilo huzungumzwa jikoni kwa kunong'ona, na lawama zote anatwishwa mke.

Harris akamtaja jirani, Bi. Shelton, aliyekuwa na kituo cha kulelea watoto chini ya nyumba waliyopanga, akamlea yeye na mdogo wake mama yao anapokuwa kazini. Hapo nilijisikia fahari, kwa sababu malezi ya namna ile ndiyo yetu sisi tunaosema mkono mmoja haulei mwana. Huku jambo hilo limewahi kuwa ugomvi wa vyama. Mwaka 1996 Hillary Clinton, mke wa Rais Bill Clinton aliyekuwa akigombea tena, alikuwa ameandika kitabu kilichopewa jina kutokana na methali inayohesabiwa kuwa ya Kiafrika, kwamba kumlea mtoto ni kazi ya kijiji kizima. Bob Dole, mgombea urais, akasimama mbele ya mkutano wa Republican San Diego akasema hapana, anayelea mtoto ni familia. Wiki mbili hazijaisha, Hillary akamjibu Chicago mbele ya mkutano wa chama chake. Wagombea urais na wake zao wanabishana kwenye mikutano mikuu nani alee mtoto, na sisi tulioishi hivyo tangu mababu hatujasikia hoja hiyo ikifika jukwaani hata siku moja.

Sisemi wanatenda wanayoyahubiri. Kazi yangu ni kutunza wazee, watu wenye watoto na wajukuu ambao baadhi yao hawaonekani mwaka mzima. Vance huyo huyo, 2021, aliwadharau wanawake wasio na watoto, akawaita wanawake wa paka, na Harris aliyesaidia kuwalea watoto wa mumewe akamtia humo humo. Na kinachoniuma zaidi: nchi hii, kwa maneno yote hayo ya familia, haina sheria ya taifa inayompa mama aliyejifungua likizo yenye mshahara. Sheria ya 1993 inampa wiki 12 bila malipo, na siyo kila mwajiriwa anaipata. Nimefanya kazi na wasichana waliorudi zamu ya usiku kidonda cha upasuaji bado kinawauma. Sheria yetu ya kazi ya 2004 inatoa siku 84 kwa mshahara kamili, na 100 ukizaa mapacha. Hapo tumewapita, na ninawaambia wenzangu kazini bila kupepesa macho.

Ila wakigombana huku, wanagombana juu ya jambo linaloshikika. Walz alipojisifu kwamba Minnesota imefukuza njaa shuleni, mzazi yeyote hapa anaweza kupima, kwa kuwa tangu sheria ya 2023 mtoto anakula asubuhi na mchana shuleni bila kulipa. Mwaka huo huo ilipitishwa likizo ya uzazi yenye malipo kwa jimbo letu, na ikaanza Januari 2026. Isingeanza, tulijua nani wa kumuuliza.

Kwetu mgombea haji na watoto wake, anakuja awe mzazi wetu. Mabango yanasema Mama, yaani Rais Samia, nyimbo zinasema Mama. Darasa likijengwa kwa kodi yako na yangu ni fedha za Mama, zahanati ikifunguliwa Mama ametoa. Kabla ya hapo tulikuwa na Baba. Wakenya nao walikuwa na Baba wao, Raila Odinga, na hata urais hakuwahi kuupata. Msinielewe vibaya. Rais Samia namheshimu, na siku anaapa Machi 2021 nililia kwa furaha mbele ya watu kazini. Lakini mtu akishakuwa mama yako utamdai vipi? Mama hadaiwi, anashukuriwa. Ndiyo maana mbunge akisimama kuuliza swali la maji anaanza na shukrani ndefu, na likifika swali lenyewe muda umekwisha.

Hapa ndipo nitakapoambiwa kwamba heshima kwa wakubwa ndiyo mila yetu, dada, usituletee ya Wamarekani. Ni mila, naikubali, nimelelewa nayo. Lakini mila hiyo mnaitaja nusu. Nyumbani kwetu Muheza baba akiuza shamba bila kuwaambia wenzake, anaitiwa kikao. Wajomba wanakuja, mashangazi wanakuja, anakalishwa mkekani na kuulizwa fedha ziko wapi, naye anajibu. Mama akipendelea mtoto mmoja, dada zake wanamwita pembeni. Mzazi asiyeulizwa chochote sijamwona katika ukoo wowote ninaoujua. Nyerere alipoandika mwaka 1962 kwamba ujamaa wetu umejengwa juu ya familia pana, alizungumzia watu wanaofanya kazi pamoja na kugawana walichonacho. Watoto wanaosubiri kupewa hawakuwamo.

Kwa hiyo wanaotaka kuwa wazazi wetu na wakubali kikao. Familia zetu ndizo zinazobeba nchi hii mgongoni, nanyi mnajua kuliko mimi. Kikokotoo cha mafao ya wastaafu kikipigwa, anayeumia ni mjukuu aliyekuwa akisomeshwa na babu mwalimu mstaafu. Kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, wakija kubeba televisheni na godoro, ndoa inavunjika. Habari ya kusitishwa kwa Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto, ilipotoka mwaka 2023, dada yangu alinipigia usiku, na shemeji hakuwa na la kusema. Haya yote ni mambo ya familia. Kwenye jukwaa tunapewa barabara, madaraja, ndege, na ngonjera.

Wapo watakaosema nirudi basi, nigombee, maana kusema kutoka kwenye baridi ni rahisi. Mama yangu anatunzwa na dada yangu kwa fedha ninazotuma, na ninazipata kwa kuwaogesha mama wa watu wengine. Kwa hiyo msiniambie sina haki ya kusema juu ya familia na serikali. Ninaisema kila mwisho wa mwezi.

Kila uchaguzi ukija, wa serikali za mitaa au mkuu, ni yale yale. Khanga na kofia zitakuja, wasanii watakuja, na mtaambiwa Mama amewakumbuka. Mwenye nafasi ya kushika kipaza sauti kabla hakijazimwa amuulize mgombea wake, wa chama chochote: hizo siku 84 ni za mwenye mkataba, sasa mama anayeuza vitumbua pale stendi Muheza akijifungua, za kwake atalipwa na nani?