Nukta moja juu ya kihamba

Ukikitazama kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga wa Kilimanjaro, kutoka angani, kahawa huioni. Unaona vilele vya mifuruanje na migrivea. Chini yake kuna migomba, na chini kabisa, kivulini, ndipo ilipo mibuni inayolipa ada za watoto.

Picha hiyo sasa ina uzito wa kibiashara. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataza kuuza huko kahawa iliyotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na inataka kila shamba lionyeshwe mahali lilipo. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, ila kampuni kubwa zilianza mapema kuegemea setilaiti. Nestlé, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2018 kuwa itafuatilia mawese yake yote kwa picha hizo.

Wanaoisifu njia hii wana hoja ya kweli. Zamani mnunuzi alitosheka na ahadi ya karatasi. Leo Sentinel-2, setilaiti za Ulaya za kupiga picha za ardhi, hupita kila baada ya siku tano na picha zake ni bure, hivyo hakuna kampuni inayoweza kudai haikujua msitu umekwisha. Na sisi tunaokunywa maji ya mlima ule tunautaka msitu wake ubaki.

Lakini mkulima anayehoji nukta ya ramani inayoonyesha mahali shamba lake lilipo hudhaniwa ana la kuficha. Si haki. Sheria yenyewe inahesabu kilimo mseto cha miti kuwa ni kilimo, si msitu. Tatizo liko kwenye ramani zinazotokana na picha hizo. Chembe moja ya picha ya Sentinel-2 ina upana wa mita 10, na kihamba cha nusu hekta ni chembe 50 tu, za ukingoni zikichanganyika na za jirani. Tena, shamba la chini ya hekta nne laweza kuandikishwa kwa nukta moja tu. Nafuu hiyo ina mtego: nukta haina mpaka. Mfuruanje uliozeeka ukikatwa kwa jirani, kompyuta itajuaje ni wa nani?

Hapo ndipo ninapoifikiria ile asilimia 4. Faini ya juu kwa kampuni inayokiuka sheria haitakiwi kuwa chini ya asilimia 4 ya mapato yake ya mwaka ndani ya Umoja wa Ulaya. Ukiwa ofisa manunuzi mwenye tishio hilo kichwani, ukaona kwenye ramani alama nyekundu ya tahadhari juu ya chama cha msingi cha ushirika chenye wanachama mamia, utamtuma mtu apande mlima akatazame, au utanunua nchi nyingine? Kuacha kununua ni rahisi zaidi, na hakuna atakayekushtaki kwa kuacha. Anayeumia ni mkulima ambaye hata picha iliyomhukumu hakuiona.

Ushahidi mwingine upo, tena wa zamani. Ushirika wa kahawa wa KNCU ulianza mwaka 1933, na vyama vya msingi hupima na kuandika kahawa ya kila mwanachama. Mtu mwenye stakabadhi za mizani za mwaka 2015 alikuwa na mibuni mwaka 2015. Kampuni inayolipia picha za angani ilipie pia karani wa kuyapitia madaftari hayo, kisha chama kipewe nakala ya ramani kabla jina la mwanachama yeyote halijafutwa.