Ekseli ya nyuma kwa gari la kale lenye uzito: tuanze na mizani, si injini

Nimewahi kuchomoa hafushafti, yaani shafti inayotoka kwenye difu hadi gurudumu la nyuma, ya gari la kale la tani mbili na ushei, nikaifuta grisi na kuilaza mezani. Haikuwa imekatika. Lakini meno ya ncha yake, yale yanayoingia kwenye difu (gia za katikati ya ekseli), yalikuwa yamejisokota kama nyuzi za kamba. Injini iliyokuwa ikiizungusha haikuwa ya mashindano hata kidogo. Ilikuwa V8 ya kutembelea tu. Tangu hapo, mtu akinieleza anavyochagua ekseli kwa kuhesabu nguvu za farasi, namwomba kwanza anitajie uzito wa gari.

Hesabu yake si ngumu. Chukua injini ya nyutoni-mita 400, gia ya kwanza yenye uwiano wa 2.5 na difu yenye uwiano wa 3.5. Nguvu ya kusokota inayofika kwenye ekseli ni nyutoni-mita 3,500. Gari jepesi, lenye kilo 450 tu juu ya magurudumu ya nyuma, haliwezi kuipokea yote: ikifika kama 1,200 tairi zinateleza na shafti zinapona. Gari lenye kilo 1,100 nyuma, tena na tairi kubwa zaidi, kwenye lami kavu halitelezi mpaka karibu 3,400. Kwa gari jepesi tairi ndiyo fyuzi. Kwa gari zito fyuzi hiyo haikatiki, na mzigo wote unaangukia meno, shafti na beringi. Kama gia ni ya otomatiki, nguvu huzidishwa tena pale gari linapoondoka.

Kwa sababu hiyo siwalaumu wanaosema: weka Dana 60, ekseli nzito ya Kimarekani, umalize maneno. Kraunwili yake, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, ina kipenyo cha inchi 9.75, na Chrysler waliifunga kwenye magari yenye injini zao kali za Hemi na gia za mkono kuanzia 1966. Ile ya malori, ambayo hafushafti yake haibebi uzito wowote, ina sifa moja ninayoiheshimu sana. Gari limekalia hausingi yenyewe, yaani gamba la ekseli, kupitia beringi mbili za habu (kitovu cha gurudumu), na shafti kazi yake ni kusokota tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Wapo wanaoipinga kwa uzito wake, kwamba chuma kingi kisichobebwa na springi huharibu mwendo. Hoja hiyo ina nguvu kwa gari dogo. Kwa bodi ya tani mbili, kilo kadhaa zaidi chini ya springi hazionekani sana, kwa kuwa kinachohesabika ni uwiano kati ya kilicho juu na kilicho chini.

Pingamizi langu liko kwingine. Ekseli hiyo ya lori mara nyingi ina boliti nane na habu inayochomoza nje, kwa hiyo rimu za asili haziingii. Na magari mengi mazito ya zamani yamefunikwa magurudumu ya nyuma kwa bodi. Sentimita chache za upana zikizidi, tairi inasugua chuma.

Ekseli ya Ford ya inchi 9, iliyotengenezwa kuanzia 1957 hadi 1986, ina ujanja ambao kipimo cha kraunwili hakiuonyeshi. Pinioni yake, gia ndogo inayozungusha kraunwili, imeshikwa na beringi pande zote mbili za meno, kwa hiyo mzigo ukiongezeka haiyumbi kirahisi. Difu nzima hutoka kwa mbele ikiwa imefungwa kwenye kifuko chake: unaipanga mezani, kwenye mwanga, badala ya kulala chini ya gari. Tena hafushafti zinashikiliwa huko nje, kwenye beringi. Ila haya yana gharama yake. Pinioni imeshuka zaidi ya inchi 2 chini ya katikati ya kraunwili, hivyo meno huteleza zaidi kuliko kusukumana tu. Joto huongezeka na nguvu kidogo hupotea njiani. Kwa anayesafiri masafa marefu kwa mwendo wa kasi, jambo hilo si la kupuuza.

Wenye bajeti ndogo husifia ekseli ya Ford ya inchi 8.8 iliyotoka kwenye gari la Ford Explorer. Wana haki. Shafti zake zina meno 31, kuanzia 1995 ina breki za diski, na gari ililotoka lenyewe lilikaribia tani mbili. Kinachonizuia ni klipu yenye umbo la C, ambayo hushikilia shafti kutokea ndani ya difu. Shafti ikikatika nje ya klipu hiyo, gurudumu linaweza kutoka pamoja na kipande chake. Hilo kwa gari la tani mbili na nusu lililojaa familia silichukulii kimzaha. Vipo vifaa vya kuhamishia ushikaji huo nje, na anayeitumia bila kuviweka ananitia wasiwasi.

Tusiwasahau wanaosema ekseli ya asili isiguswe. Hoja yao ni nzito kuliko inavyodhaniwa: mhandisi wa enzi hizo alijua uzito wa gari lake. Zaidi ya hapo, kwa magari ambayo propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia hadi difu, imefungwa ndani ya bomba, kama Ford hadi 1948 na Buick hadi 1960, bomba hilo ndilo linalosukuma gari mbele. Ukiling'oa, ekseli mpya haina kinachoishikilia mpaka utengeneze mikono na mabano mapya, na hapo kazi ya ekseli imegeuka kazi ya chesisi. Ila kama injini imebadilishwa, au shafti ni zile za ncha iliyochongoka na kipande cha ufunguo, ambazo nati yake ikilegea ufunguo hukatika, uaminifu kwa asili unakuwa hatari.

Mimi, kwa gari zito lenye propela ya wazi na injini iliyoongezwa nguvu, ningechukua ya inchi 9 yenye shafti za meno 31 na beringi kubwa za nje, ikatwe upana kulingana na bodi. Dana 60 ningeiacha kwa gari linalovuta trela. Uwiano wa difu ningeuweka karibu na 3.25, maana kadiri namba inavyopanda ndivyo pinioni inavyokuwa ndogo na dhaifu. Kisha, yoyote itakayochaguliwa, ningepaka rangi ya njano kwenye meno machache ya kraunwili na kuizungusha kwa mkono huku nikiizuia kidogo. Alama ya mguso ikikaa katikati ya jino, nafunga kifuniko. Ikikimbilia ukingoni, natoa tena na kubadilisha shimu, vile vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi ya gia, hata kama ni mara ya nne.