Dawa ya mafua makali na saa 48 zinazotupita Tanga

Familia nyingi za Tanga zenye ndugu Muscat au London zimeshasikia habari za Tamiflu, dawa ya mafua makali. Mgeni anakuja na kiboksi mkobani, na barazani linazuka swali: mbona sisi tunaishia panadoli na kujifukiza? Wa upande wa pili wanajibu kwamba huo ni ulaji wa makampuni, mafua hayana dawa. Kila upande una la kusimamia, ila wote wanaruka suala la muda.

Tamiflu ni jina la biashara la oseltamivir, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999. Virusi vya influenza, yaani mafua makali, vikishazaliana ndani ya seli hutumia kimeng'enya chao kujinasua ili vivamie seli nyingine, na dawa hukizuia kimeng'enya hicho. Vilivyokwisha kutapakaa haiviondoi. Ndiyo maana hushauriwa ianzwe ndani ya saa 48 tangu dalili zijitokeze, miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa mtu mzima, siku 5. Watoto hupimiwa kwa uzito, kwa hiyo kumgawia mtoto kidonge cha mjomba si jambo la kufanya. Na mafua ya kawaida ya kamasi na chafya huletwa na virusi vingine, ambavyo dawa hii haivigusi kabisa.

Wenye shaka wana ushahidi mzito. Mwaka 2014 watafiti wa Cochrane, mtandao unaochambua ushahidi wa tiba, baada ya miaka ya kuvutana na Roche, kampuni inayoiuza Tamiflu, mpaka ikatoa ripoti kamili za majaribio, walionyesha kwamba kwa watu wazima dalili zinapungua kutoka siku 7 hadi 6.3. Ni kama saa 17 tu, tena wengine wanazilipia kwa kichefuchefu na kutapika. Hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba inapunguza kulazwa. Wakati huo Uingereza ilikuwa imeshamwaga zaidi ya pauni milioni 400 kuijaza ghalani. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaitoa kwenye orodha kuu ya dawa muhimu na kuiweka kwenye ile ya nyongeza.

Lakini wengi katika majaribio yale walikuwa watu ambao wangepona hata kwa uji na mapumziko. Anayehema kwa oksijeni ni habari nyingine. Kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 29,000 waliolazwa kwa H1N1 ya mwaka 2009, yaani mafua ya nguruwe, kutoka nchi nyingi, zilionyesha vifo vichache zaidi kwa waliopewa dawa za aina hii, hasa waliozipata mapema. Kumbukumbu si jaribio, hivyo ubishi haukuisha. Hata hivyo, mwongozo wa WHO wa mwaka 2024 unaikubali oseltamivir, kwa tahadhari, kwa walio mahututi, na hauipendekezi kwa asiye mgonjwa sana. Anayesema mafua hayaui basi akumbuke kwamba WHO hukadiria vifo kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka duniani.

Sasa tuje kwetu. Homa ikimshika mtu Ijumaa usiku, anameza panadoli. Jumamosi anajifukiza kwa mchaichai na limau. Jumapili anapimwa malaria, na ni haki yake, maana Muheza na Pangani malaria haijaisha. Kipimo kinatoka hasi. Jumatatu nduguye yuko duka la dawa Ngamiani: "Dada, hana malaria, nipe basi cha kukausha kifua." Muuzaji anakata amoksilini, anazitia kwenye kibahasha, anaandika 1x3 kwa kalamu. Saa 48 zimeshapita, na kilichotolewa ni dawa ya bakteria.

Wala si ubashiri wa kijiweni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta asilimia 62 wana maambukizi ya njia ya hewa, na malaria ni kama mmoja kati ya kumi. Wengi walikuwa na virusi.

Kwa hiyo naona kuipeleka oseltamivir madukani ni kutengeneza amoksilini ya pili: itanunuliwa siku ya nne, kwa kila kamasi. Hoja ya usugu, yaani virusi kuizoea dawa, nisiitie chumvi, kwa sababu H1N1 ya msimu, si ile ya mafua ya nguruwe, iliyokuwa sugu kwa dawa hii ilienea duniani kati ya 2007 na 2009 hata pale dawa ilipotumika kidogo. Kinachonitisha zaidi ni pesa ya mnunuzi kupotea bure.

Wodini ndiko inakostahili: Bombo, hospitali ya mkoa wetu, na hospitali za wilaya, akiba ndogo kwa anayelazwa akishindwa kuhema, bila kungoja jibu la maabara. Hapo kuchelewa kidogo si sababu ya kumnyima. Ninayesita kwake ni mjamzito mwenye homa na kikohozi, malaria hasi, ambaye bado anatembea. Mwongozo wa WHO kwa wasio mahututi walio hatarini unataja baloxavir, dawa nyingine ya influenza, ya dozi moja, lakini wajawazito hawashauriwi kuitumia. Kwake yeye ningependa daktari aifikirie oseltamivir siku hiyohiyo ya kipimo, ingawa ushahidi wake ni mwembamba.