Kaya zinapungua watu Mwanza, mzigo uko palepale

Wazee wengi hapa Mwanza wanasema ukoo umekufa mjini: kijana akishapata chumba Mabatini au Igogo anajifungia na mkewe, na shangazi aliyetoka Kwimba kutibiwa anatafutiwa pa kulala kwa jirani. Takwimu zinawapa nusu ya hoja. Kitaifa, wastani wa watu katika kaya ulikuwa 4.7 kwenye sensa ya 2012, ukashuka hadi 4.3 mwaka 2022. Ndani ya miaka hiyohiyo Mkoa wa Mwanza ulipanda kutoka watu milioni 2.77 hadi milioni 3.7.

Lakini nenda kapange chumba uone. Mwenye nyumba anaanza na swali: "Mko wangapi?" Umeme wa LUKU mnachangia, maji mnachangia, choo ni kimoja. Ndani, pazia limetenga kitanda na makochi, mtungi wa gesi uko nyuma ya mlango, na kodi inadaiwa ya miezi mitatu au sita kwa mpigo. Mama mkwe akikaa wiki mbili, maneno yanaanza kwenye korido. Kumwita kijana huyu mbinafsi ni kumwonea.

Tena kuna faida ambayo wazee hawaipimi. Mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, na kulea watoto peke yake, anajua pesa yake inakoenda. Hasubiri kikao cha ukoo kimpangie. Kwenye mji wa wakwe, wengi wa mama zetu hawakuwahi kuipata nafasi hiyo, na mimi siko tayari kuwaambia binti zao warudi huko.

Hata hivyo, ndugu wakikaa mbali, ulinzi nao unapungua. Wengi wanaishi kinyumba bila ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa wameoana wakishakaa pamoja miaka miwili na kujulikana hivyo, ila dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Mwanaume akifariki na ndugu zake wakimkana mwanamke, nani atamsimamia, jirani aliyehamia juzi?

Linaloniuma zaidi ni watoto. Mama anatoka alfajiri kuwahi mzigo, mdogo anaachwa na dada wa kazi ambaye mwenyewe bado ni mtoto, au anapelekwa kwa bibi Ukerewe na kutumiwa pesa kwa simu. Kwenye hesabu kaya ya mjini imepungua mtu. Kwa bibi ameongezeka wa kulishwa. Hapa nakubaliana na wazee kwamba kuna kitu kimepotea, ila dawa yake si lawama. Sehemu ya ushuru wa masoko ilipie vyumba vya kulelea watoto palepale sokoni, vyenye mlezi mtu mzima, na vifunguliwe saa 11 alfajiri, maana biashara ya dagaa haingoji saa mbili asubuhi.