Nyumba ya Matofali ya Zamani Uingereza: Kuta Sasa au Baadaye?

Ukinunua nyumba ya matofali iliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iwe Leicester, Birmingham au mashariki mwa London, swali hukungoja mlangoni: uzihami kuta dhidi ya baridi (yaani uzivike tabaka la kuzuia joto lisitoke) sasa hivi, nyumba ikiwa tupu, au uhamie kwanza na kuta zisubiri? Ni swali la maelfu ya pauni. Waswahili tulio huku hulijibu kwa pupa, maana baridi hatukukua nayo na tunataka iondoke leo.

Kwanza ujue ukuta wako. Simama nje uutazame. Matofali yakiwa yamelala kwa urefu yote, mstari juu ya mstari, yaelekea kuna kuta mbili nyembamba zenye uwazi katikati, ujenzi ulioenea tangu miaka ya 1920. Ukiona tofali refu, fupi, refu, fupi, huo ni ukuta mmoja mzito, unene wake kama sentimita 23, na kilichoyashika matofali mara nyingi ni chokaa. Huo ndio ukuta wenye utata.

Wanaosema uhami sasa wana hoja nzito. Kuhami kwa ndani ni kazi ya vumbi: lipu inabanduliwa, soketi zinasogezwa, radieta zinang'olewa. Ukishaingiza watoto na makochi, kazi hiyo huahirishwa miaka kumi. Isitoshe, kanuni za ujenzi za England hutaka anayebandua zaidi ya nusu ya lipu ya ukuta wa nje auhami pia, pale inapowezekana. Na akiba ipo. Ukuta wa aina hii usiohamiwa hesabu rasmi huupa kipimo cha kupoteza joto cha wati 1.7 kwa kila mita ya mraba, kwa kila digrii ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukihamiwa vizuri hushuka hadi 0.3. Kwa kuta za mita za mraba 40, nje kukiwa na baridi ya digrii 10 chini ya sebule, ni tofauti ya wati 680 na wati 120, saa zote.

Lakini hiyo 1.7 ina habari yake. Zamani ilikuwa 2.1, ikashushwa baada ya vipimo katika nyumba halisi kuonyesha kwamba kuta hizi hazipotezi joto kiasi kilichodhaniwa. Anayekupigia hesabu ya akiba kwa kipimo cha zamani anakuuzia ndoto kidogo.

Kinachonitia hofu zaidi ni unyevu. Ukuta wa chokaa hunywa mvua kisha huitoa. Wazee wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua hili katika kuta zao za mawe ya matumbawe: ukipaka saruji juu ya chokaa, maji hunaswa ndani na ukuta huoza polepole. Tofali la Leicester nalo ni hivyo hivyo. Ukilihami kwa ndani, tofali hubaki baridi kuliko mwanzo. Mvuke wa jikoni na bafuni ukipenya nyuma ya kihami hugeuka maji, na ncha za maboriti ya sakafu zilizochomekwa ukutani huanza kuoza bila wewe kuona. Kuhami kwa nje huacha tofali likiwa na joto, ila paa lazima lifunike unene mpya, mabomba yahamishwe, na katika mitaa ya kihistoria ruhusa ni shida kuipata. Mwaka 2025 wakaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza walitoa taarifa kuwa asilimia 98 ya nyumba zilizohamiwa kwa nje chini ya mipango miwili ya ruzuku zilikuwa na kasoro kubwa za kurekebishwa. Kosa si la kihami chenyewe. Ni kazi ya haraka juu ya ukuta ambao hakuna aliyejali kuuelewa.

Kwa hiyo mimi nasema kuta zisubiri, lakini si kila kuta na si kila mtu. Pesa ya kwanza iende kwenye gata zinazovuja na viungo vya matofali vilivyozibwa kwa saruji, ambavyo vinapaswa kurudishiwa chokaa. Kisha juu ya dari: milimita 270 za pamba ya kuhami ni kazi ya siku moja au mbili na bei yake ni ndogo. Kisha mianya ya sakafu ya mbao, dohani isiyotumika, na feni nzuri jikoni na bafuni.

Nyumba iliyobanwa katikati ya safu hupoteza joto mbele na nyuma tu, kwani majirani wanaipasha ubavuni. Hiyo inaweza kungoja. Ya mwisho wa safu ina ubavu mzima unaopigwa na upepo, na ukuta huo ningeuhami mapema. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu naye asiambiwe avumilie chumba cha baridi chenye ukungu mpaka msimu mwingine: achague chumba kimoja, abandue lipu, aweke mbao za nyuzi za miti zinazopitisha mvuke, apake chokaa juu yake, na kabla ya yote fundi afungue sakafu aangalie ncha za boriti.